Siwezi kula na kupumua kwa pamoja

Maswali ya wasomaji, majibu ya Bibi Lishe

SWALI: Shikamoo Bibi Lishe. Mimi ni binti wa tatu kwa mama yangu, tunaishi Muheza. Mama ana miaka 63. Hajawahi kuvuta sigara, ila amekaanga samaki kwa kuni zaidi ya miaka thelathini, na biashara hiyo ndiyo iliyotusomesha. Mwaka juzi alianza kuhema akipanda kile kilima cha kutoka sokoni. Tukampeleka hospitali ya rufaa, akapigwa picha, akapuliza kwenye mashine, tukaambiwa njia za hewa zimebana na mapafu hayatarudi yalivyokuwa. Makohozi yalipimwa, hakuna kifua kikuu. Sasa anatumia pampu mbili za kuvuta, moja ya bluu na nyingine ya asubuhi na jioni.

Shida yetu ni mwili. Alikuwa na kilo 58, leo ana 44, na urefu wake ni sentimita 158. Tukimpakulia anakula matonge manne, matano, anasukuma sahani. Kaka yangu anasema anadeka. Shangazi amekataza maziwa, mayai na nazi kwa kuwa vinaleta makohozi, akakataza na ndizi mbivu na parachichi kwa kuwa ni vya baridi. Amebaki na ugali na mchicha, samaki mara mojamoja, na chai ya rangi. Tufanyeje?
Binti wa Muheza

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie kaka yako mama hadeki. Namwambia kwa uchungu, maana neno hilohilo mimi nilimwambia baba yangu mzazi.

Baba alikuwa mtu wa mkonge. Hakuwa shambani, alikuwa kiwandani upande wa brashi, pale singa zilizokwisha kukauka zinaposuguliwa zing'ae na vumbi linatanda chumba kizima usimwone mwenzako. Akitoka kazini anasokota sigara. Alipostaafu pumzi yake ilikuwa ya kuhesabu. Mimi ndiyo kwanza nimemaliza chuo, kichwa kimejaa makundi ya vyakula, nikija likizo namjengea mlima wa ugali na maharage, kisha nakaa mbele yake kama askari wa zamu. Anakula kidogo, anaacha. Siku moja nikafoka, nikamwambia anadeka na mama anahangaika jikoni bure. Akaweka kiganja kifuani, akasubiri pumzi irudi, akasema, "Mwanangu, chakula ni kizuri. Ila siwezi kula na kupumua kwa pamoja."

Nilidhani ni maneno ya mzee. Ilinichukua miaka kazini kujua kwamba alinipa somo zima kwa sentensi moja.

Jaribu mwenyewe sasa hivi: meza mate. Umeona? Wakati wa kumeza, pumzi inasimama. Wewe na mimi hatuioni kwa sababu tuna akiba. Mama yako hana. Kila tonge linamdai pumzi mbili tatu, na kutafuna ugali mgumu ni kazi juu ya kazi. Halafu kuna tumbo. Kwa ugonjwa huu hewa inanasa ndani, haitoki yote, mapafu yanavimba na kukikandamiza chini kile kiwambo kinachotenga kifua na tumbo. Tumbo likijaa linakisukuma juu. Kiwambo kinabanwa pande zote mbili, ndiyo maana matonge matano tu anahisi ameshiba hadi kooni. Ameishiwa pumzi, na mwili unakuita huko kushiba.

Na wakati anakula kidogo hivyo, mwili wake unatumia nguvu nyingi kuliko wako. Misuli ya kuvuta hewa inafanya kazi mchana na usiku, hata akiwa amelala, mara kadhaa zaidi ya mtu mzima wa afya. Kinachoingia ni kichache, kinachotoka ni kingi, na mwili ukikosa unakula misuli yake wenyewe. Mapaja yanaisha, mikono inaisha, na ile misuli ya kupumulia nayo ni misuli, inaisha vilevile. Pumzi ikizidi kuwa fupi, kula kunazidi kuwa kugumu. Hapo ndipo mama yako alipo.

Nimepiga hesabu ya uzito kwa urefu wake, yaani kilo kugawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kilo 58 zilimpa 23, ambayo ni nzuri. Kilo 44 zinampa 17.6. Chini ya 18.5 tunamwita mtu yeyote mwembamba kupita kiasi, na kwa wagonjwa wa mapafu madaktari wanaanza kukunja uso ikifika 21. Kwa hiyo chakula kwake sasa kina uzito sawa na ile pampu.

Kabla sijaingia jikoni, jambo moja. Kikohozi na kukonda vikiwa pamoja katika nchi yetu, hatuachi kuulizia kifua kikuu kwa sababu kilipimwa mara moja mwaka juzi. Akiwa na homa za jioni, jasho la usiku au damu kwenye makohozi, arudi apimwe upya, na wapime na sukari na virusi vya UKIMWI palepale. Si kwamba nawashuku. Nimeona watu wakilishwa vizuri miezi sita huku mwizi mwingine yuko ndani.

Haya, tuje kwa shangazi.

Maziwa hayatengenezi makohozi. Jambo hili limepimwa na wataalamu na halikuonekana. Kinachotokea ni kwamba maziwa yakikutana na mate yanakuwa mazito kidogo, koo linahisi limepakwa kitu, na mtu anayekohoa anadhani makohozi yameongezeka. Mpe funda mbili za maji ya uvuguvugu baada ya maziwa, basi. Akiwa bado hayapendi, yaingie ndani ya uji au awe anakula mtindi. Mayai je? Mayai katika miko yetu yana bahati mbaya: mjamzito akatazwe, mtoto mdogo akatazwe, sasa na mgonjwa wa kifua. Ukiangalia vizuri utaona ni nani alikuwa anayala. Nazi haina kosa lolote kwa mama aliyekonda hivi, parachichi ndilo tunda ambalo ningelichagua la kwanza kuliko yote, na ndizi mbivu ni laini, haimchoshi. Kitu kikitoka kwenye friji kinaweza kumkohoza, hilo kweli, kwa hiyo kiache nje ubaridi uishe. Hapo ndipo "baridi" ya shangazi inapoishia. Mwambie kwa heshima zote. Kama hasikii, mwambie Bibi Lishe ndiye aliyekosa adabu.

Sasa siri ya jiko la mgonjwa wa mapafu: usiongeze sahani, ongeza kilichomo. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori kama 120, karibu sawa na bonge la ugali la gramu 100, na hakidai kutafunwa wala hakijazi tumbo. Kwa hiyo ule mchicha usichemshwe kwa maji na chumvi. Uungwe kwa tui zito na karanga za kusaga. Chai ya rangi imjaze tumbo ya nini? Iwe ya maziwa, yachemke humo na tangawizi na iliki. Uji wa mchele usiwe mweupe wa kumwagika. Weka vijiko viwili vya karanga za kusaga katika kikombe kimoja, maziwa, sukari kidogo, pilipili manga kama tunavyopenda sisi watu wa pwani. Karanga chagua zisizo na ukungu na ambazo hazijasinyaa, kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu, na zile mbovu usizionje ili "kuhakikisha", zitupe.

Na mkumbuke bokoboko. Nashangaa tunalipika Idi tu na harusini, wakati ni chakula kama kilichobuniwa kwa ajili ya mtu asiye na pumzi. Roweka ngano iliyokobolewa usiku kucha, asubuhi ichemke na nyama mpaka nyama iachie mfupa, kisha ipige kwa mwiko. Usiiache njiani, piga mpaka nyuzi za nyama zipotee ndani ya ngano na kitu chote kianze kuvutika. Juu yake kijiko cha samli. Nusu bakuli ya hiyo inamtosha, haihitaji meno, inateleza yenyewe, na ndani yake kuna nyama, nafaka na mafuta. Nyama ikiwa ghali tumia kuku wa kienyeji mzee, ndiye mtamu zaidi kwa kazi hii. Siku nyingine mseto wa mchele na choroko, wa nazi, ulainike. Mtori kwa waliozoea bara ni uleule mwendo.

Mwili unaojenga misuli unadai protini. Kwa watu kama mama tunapiga gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo, kwa hiyo kwake ni gramu 53 hadi 66 kwa siku. Zisikutishe. Mayai mawili yanatoa kama 12, nusu lita ya maziwa 16, dagaa wakavu konzi moja nao 12 hivi, karanga konzi moja 7, na uji, wali na ugali vinamalizia. Dagaa wakaange, uwasage, unga wake uwe kwenye kopo mezani: kijiko kwenye mchuzi, kijiko kwenye mseto. Hakuna atakayejua isipokuwa paka. Maharage na kunde ni vizuri sana, ila kama vinamletea gesi punguza, pamoja na kabichi na soda, kwa maana gesi nayo inasukuma kiwambo kama chakula.

Muda nao una mambo yake. Mlo mkuu wa kwetu ni usiku, na usiku yeye amechoka. Uhamishie asubuhi au mchana wakati bado ana pumzi, kisha mpe vidogovidogo mara tano au sita. Usianze na vyote kesho, panda polepole wiki mbili. Apumzike nusu saa kabla ya kula. Avute ile pampu ya bluu, ya kufungua kifua haraka, dakika kumi na tano kabla kama daktari amemruhusu kuitumia hivyo, akohoe atoe makohozi kwanza, aukwangue ulimi. Maji na chai vije baada ya chakula, visimtangulie tumboni.

Na hapa nina ombi la pekee. Mnakula wapi? Nadhani kwenye mkeka, sinia katikati, kama nyumba zote za kwetu. Mtu anayekaa chini na kuinamia sinia anakunja tumbo, na tumbo lililokunjwa linabana kifua. Baba yangu alikula hivyo mpaka mwisho kwa sababu hakuna aliyefikiria kumpa stuli. Mama apewe kiti na meza ndogo, viwiko viwe juu ya meza, mabega yapumzike hapo, atavuta hewa vizuri zaidi. Lakini msimpeleke chumbani ale peke yake kama mtu wa kutengwa! Kiti kiwe pembeni ya mkeka wenu, mazungumzo yamfikie. Msimlazimishe kujibu mdomo ukiwa na tonge. Atafune, aweke kijiko chini, atoe pumzi taratibu kwa midomo iliyobanwa kama anayepuliza chai ya moto, ndipo achukue jingine.

Ile pampu ya asubuhi na jioni, muulize daktari au mfamasia kama ina steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Kama inayo, asukutue na kutema maji kila baada ya kuivuta. Asipofanya hivyo fangasi wanaota kinywani, utando mweupe, na kila kitu kinakuwa na ladha ya karatasi. Mchungulie ulimi leo. Mara nyingine mtu anasukuma sahani kwa sababu hiyo tu.

Mpimeni kila wiki mbili kwenye mzani uleule wa zahanati, asubuhi, nguo nyepesi. Tukipata kilo mbili katika miezi mitatu nitashukuru Mungu. Uzito ukiruka ghafla kwa siku chache msishangilie. Bonyeza mguu juu ya kifundo kwa dole gumba, ukiacha shimo basi ni maji, huenda moyo umeanza kuelemewa na mapafu, arudi hospitali haraka, na huko nyumbani chumvi ipungue. Dagaa na samaki wa chumvi mroweke mmwage maji.

Chakula bila kazi kinageuka mafuta, misuli hairudi. Kwenye kile kiti chake, asimame na kukaa mara tano asubuhi na mara tano jioni, akizoea ziwe kumi, akipumzika anapotaka. Na jiko lenye kuni liondoke karibu naye. Najua ameishi nalo miaka thelathini na bado anataka kuonja mchuzi. Mpelekee kijiko alipo.

SWALI: Bibi Lishe, salamu. Mimi ni mwanamume wa miaka 55, Morogoro. Niliugua kifua kikuu mara mbili nikapona, lakini mapafu yalibaki na makovu na nabanwa mara kwa mara. Nanunua vidonge vya prednisolone duka la dawa mtaani, vinanisaidia sana, sasa mwaka wa pili. Tofauti na wengine, mimi nimenenepa: uso umekuwa wa duara, tumbo limetoka, lakini miguu imekuwa myembamba na nikichuchumaa siinuki. Nile nini nipungue?
Mnene wa Morogoro

JIBU: Kaka, pole. Swali lako linaanzia dukani, jikoni litafuata. Uso wa duara, tumbo mbele na mapaja yaliyokwisha, hiyo ni picha ya prednisolone, ambayo ni steroidi ya kumeza, ikitumiwa muda mrefu. Dawa hiyo inaokoa maisha mtu akibanwa vibaya, kwa siku chache. Ukiila miaka inanyonya misuli, inalegeza mifupa, inapandisha sukari, na inakutia njaa ya uongo. Lakini usiiache kesho asubuhi, nakuomba. Mwili umezoea kuipokea kutoka nje, umelala, ukiikata ghafla unaweza kuanguka. Nenda kliniki ya kifua na pakiti mkononi, useme ukweli kuhusu miaka miwili, wakupangie kushuka kidogokidogo na waone kama dawa ya kuvuta inakufaa. Wapime sukari na shinikizo la damu.

Kwenye sahani, toa soda, sukari ya chai na maandazi ya asubuhi. Usitoe samaki, mayai, maziwa wala maharage, maana wewe ni mnene juu ya njaa ya misuli. Watu wengi wanaotaka kupungua wanaanza kwa kukata mboga ya protini na kubaki na ugali mkubwa, kwako ingekuwa kinyume cha kila kitu. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wanakupa na kalsiamu. Jua la asubuhi kaa nalo kwa ajili ya mifupa, lakini si ukiwa umefunikwa shuka.

SWALI: Mtaani kwetu Temeke wanauza chupa ya tangawizi, kitunguu saumu, asali na mlonge, wanasema inasafisha mapafu. Baba ana pumu ya uzeeni na anataka ninunue kila wiki. Nimnunulie?

JIBU: Kilichomezwa kinakwenda tumboni. Hakipiti kwenye mapafu kuyaosha, na kikipita huko ni ajali, umepaliwa. Tangawizi na kitunguu saumu weka kwenye mchuzi, vitamtia hamu ya kula. Asali kijiko kimoja inatuliza koo linalowasha, kama hana kisukari. Mlonge ni mboga nzuri, majani mnayachuma bure kwa jirani. Kwa bei ya hizo chupa za mwezi mmoja, uliza trei ya mayai inauzwaje hapo Temeke, kisha uniandikie baba amechagua nini. Na hiyo "pumu ya uzeeni" imepimwa na nani? Kama hajawahi kupuliza kwenye mashine hospitali, fedha ya kwanza iende kwenye nauli.